Kufundisha Safari ya Amri Mwilini: Mfano wa Ng'ombe Aliyezaa

Utangulizi

Homoni hazionekani kwa macho, na mwanafunzi hukariri upesi asichokiona. Twashauri, basi, somo lianzie zizini. Katika Wilaya za Mbulu na Hanang watoto wengi huchunga na kukamua. Ng'ombe wa maziwa mengi, hasa aliyekwisha kuzaa mara tatu au zaidi, huweza kuanguka katika siku tatu za kwanza baada ya kuzaa, masikio yakiwa baridi na shingo imepinda ubavuni. Ugonjwa huo huitwa homa ya maziwa, ingawa ng'ombe hana joto la homa. Amepungukiwa na madini ya kalsiamu.

Maarifa ya mwalimu

Majimaji ya damu ya ng'ombe yana takriban gramu 3 za kalsiamu. Lita 10 za dang'a huchukua takriban gramu 23. Kalsiamu ikishuka, vipokezi vilivyo katika tezi ndogo za shingoni hutambua, na tezi hutoa homoni. Homoni hiyo huamuru figo itengeneze homoni ya pili kutokana na vitamini D. Hii ya pili huingia katika seli za utumbo, hushikana na kipokezi chake ndani ya kiini, na jeni husomwa. Ndipo seli hutengeneza protini za kuvusha kalsiamu kutoka katika chakula hadi kwenye damu.

Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili, lakini dang'a haingoji. Isitoshe, ng'ombe mzee ana vipokezi vichache zaidi utumboni.

Hatua za somo

1. Weka maharage 3 katika bakuli. Hiyo ni damu. Debe la maharage ni utumbo.
2. Chagua wanafunzi wa kuwa tezi, figo, vipokezi watatu na mkamuaji.
3. Mkamuaji achukue harage moja moja, akidai 23. Bakuli likipungua, tezi itume ujumbe kwa figo, na figo kwa vipokezi.
4. Kila kipokezi akunje kikombe cha karatasi kwanza, ndipo achote debeni. Bakuli litakauka kabla ya vikombe kuwa tayari.
5. Rudieni mchezo kwa kipokezi mmoja. Darasa lieleze tofauti.

Tahadhari

Wanafunzi wafundishwe kumwita afisa mifugo mara moja, kwani ng'ombe huweza kufa katika muda wa saa chache. Wasimnyweshe kitu ng'ombe aliyelala asiyeweza kumeza vizuri, kwa maana kitaingia mapafuni.

Zoezi

Kwa nini kalsiamu ikitiwa mshipani na mtaalamu humwinua ng'ombe upesi, ilhali amri ya homoni huchelewa? Atakayejibu kwa kutaja vikombe ambavyo havijakunjwa amelielewa somo.