Zamu, Maji na Usingizi: Maisha Ndani ya Yoti Inayovuka Atlantiki

Kutoka Las Palmas katika Visiwa vya Kanari hadi Saint Lucia, ng'ambo ya Atlantiki, ni maili za baharini 2,700 hivi. Yoti ya mita 12 huenda noti 5 au 6, kwa hiyo safari huchukua kama majuma matatu. Wengi hung'oa nanga mwishoni mwa Novemba au Desemba, msimu wa vimbunga unapokwisha. Hushuka kwanza kusini kuelekea Cape Verde, na wakishaupata sawasawa upepo wa kaskazini-mashariki ndipo huelekeza omo magharibi. Upepo huo unafanana na kaskazi ya Bahari ya Hindi, ila wenyewe haupishi kusi miezi ikipita. Huja kwa nyuma, na chombo huyumba ubavu hadi ubavu usiku na mchana.

Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Kichefuchefu huwapata hata wazoefu, na dawa yake ni kukaa juu, kutazama upeo wa bahari na kunywa maji kidogo kidogo. Chakula cha siku hizo hupikwa kabisa bandarini.

Baada ya hapo maisha yote huendeshwa na zamu. Wakiwa watatu, kila mmoja hukesha saa 3 na kupumzika saa 6. Wakiwa wawili, hupokezana kila baada ya saa 3 au 4. Usukani mara nyingi huachiwa mtambo unaofungwa tezini, unaoongozwa na upepo wenyewe bila umeme. Mwingereza Blondie Hasler alitumia mtambo wa aina hiyo katika mashindano ya 1960 ya kuvuka Atlantiki peke yake. Kazi ya mwenye zamu basi ni kutazama. Meli ya mizigo inayokwenda noti 20 inaweza kutokea kwenye upeo na kuifikia yoti kwa muda wa dakika 20 tu, ndiyo maana macho huzungushwa pande zote kila baada ya dakika 10, hata kama skrini ya kufuatilia meli haionyeshi chochote.

Kupokezana zamu usiku kuna taratibu zake. Anayeingia huamshwa dakika 15 mapema, avae, anywe chai na macho yazoee giza. Ndani huwashwa taa nyekundu tu. Kabla hajatoa kichwa nje, hunasa kamba ya jaketi lake la uokoaji kwenye pete ya chuma iliyo karibu na ngazi. Anayetoka humweleza uelekeo, hali ya upepo na meli zilizoonekana, wala hashuki mpaka mwenzake ajibu kuwa ameelewa. Hakuna anayekwenda mbele kushughulikia tanga gizani kabla ya kumwamsha mwingine. Hapa hapana mjadala, kwani anayeanguka majini usiku ni nadra sana kupatikana.

Usingizi ni akiba kama maji. Hulalwa katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, na kitambaa kigumu hufungwa ubavuni mwa kitanda ili mtu asitupwe chini. Nahodha anayejivunia kukesha ni hatari kwa wenzake, maana uchovu ndio unaozaa makosa. Matanga nayo hupunguzwa kabla ya magharibi, ili tufani za ghafla zisiwatoe wote vitandani.

Maji ya kunywa na kupikia hukadiriwa lita 3 kwa mtu kwa siku. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari. Hata yoti yenye mtambo wa kuondoa chumvi hubeba madumu ya akiba, kwa kuwa mitambo huharibika. Jiko huning'inizwa libembee na chombo. Mpishi hujifunga mkanda, huvaa aproni nzito dhidi ya maji ya moto, na hupakua kwa bakuli badala ya sahani. Kabichi hudumu majuma kadhaa. Vitunguu na viazi hutenganishwa visiharibiane, na mayai ambayo hayajawahi kuwekwa kwenye friji hugeuzwa kila baada ya siku chache. Maboksi ya kadibodi huachwa gatini, kwani hubeba mayai ya mende. Ndoana ikimnasa fulusi, jioni hiyo makopo hayaguswi.

Kila asubuhi sitaha hukaguliwa. Samaki panzi waliorukia usiku huokotwa, kisha kila kamba hupapaswa mahali inaposuguana, kwa maana msuguano wa siku nyingi hukata hata kamba nene. Skrubu iliyookotwa sitahani hutafutiwa ilikotoka kabla ya chai. Adhuhuri mahali chombo kilipo huandikwa kwenye daftari, na saa hurudishwa nyuma saa 1 kwa kila nyuzi 15 za longitudo.

Nchi kavu ikionekana jioni, ni afadhali kungoja nje hadi alfajiri. Bandari ngeni, giza na watu waliochoka kwa majuma matatu ni mambo yasiyofaa kukutanishwa, na zamu haivunjwi mpaka nanga ishike.