SOMO LA MWEZI: MPIGA KINANDA NA JINA LAKE



Baada ya ibada moja hapa Kibaoni ndugu mmoja alituuliza, "Kinanda cha kanisani ndicho alichopiga Daudi, nacho kimo katika Zaburi. Mbona basi mnaingiza na ngoma?" Swali hili si dogo, maana wako wapiga ngoma wetu waliokwisha kuvunjika moyo kwa maneno ya namna hiyo. Basi tufungue Biblia.

Zaburi ya 150, mstari wa 3, yataja kinanda na kinubi. Lakini neno la Kiebrania ni neveli, nayo ni ala ya nyuzi. Kinanda cha Waswahili wa kale nacho kilikuwa cha nyuzi, jamaa ya gambusi. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu huko Unguja, aliandika hivyo katika kitabu chake cha lugha mwaka 1870, akaongeza kwamba watu waliita kinanda karibu kila ala ya Kizungu. Ndivyo jina lilivyohama kutoka kwenye nyuzi likafika kwenye vibao vya kubonyeza. (Santuri nayo ilikuwa ala ya nyuzi kabla ya kuwa sahani ya muziki!)

Waingereza nao yamewapata hayo hayo. Mpiga kinanda wa kanisani humwita "organist", kutokana na neno la Kiyunani organon, maana yake chombo cha kufanyia kazi. Hata jembe lingeweza kuitwa hivyo. Biblia yao ya mwaka 1611 imeandika "organs" katika mstari wa 4, mahali ambapo yetu imeandika filimbi. Msomaji wa London aliweza kudhani Waisraeli walikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba. La, hasha! Kinanda cha mabomba kilibuniwa na fundi Ktesibios wa Aleksandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, yapata miaka 700 baada ya Daudi. Na Aleksandria iko Misri, Afrika hii hii yetu, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa.

Na ngoma je? Mstari huo huo wa 4 wataja matari, yaani ngoma ndogo za mkono. Hizo ndizo walizoshika Miriamu na wanawake wenzake walipokwisha kuvuka bahari, Kutoka 15:20.