Dawa ya Presha Hufanyaje Kazi Mwilini?



Mwaka jana mama mmoja mjamzito aliletwa zahanati kwetu kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kichwa kilimuuma sana. Macho yake yaliona ukungu. Miezi miwili kabla ya hapo alipimwa presha, ikaonekana iko juu. Alipewa vidonge vya methildopa. Alivimeza wiki mbili, akajiona mzima, akaviacha. Sasa presha ilikuwa imepanda tena. Tulimpa huduma ya kwanza, tukampeleka upesi hospitali mjini Sumbawanga. Yeye na mtoto walipona. Baadaye mume wake aliniuliza, "Mganga, vidonge vile vilikuwa vinafanya kazi gani?" Leo tujifunze jibu la swali hilo.

Mishipa isiyongoja amri

Ukipanda Lyamba lya Mfipa kutoka Muze ukiwa na mzigo, moyo hupiga haraka. Asubuhi ya baridi mwezi wa Juni au Julai, ukienda shambani, vidole huwa baridi kwa sababu mishipa ya damu ya ngozini imejibana. Wewe hukuamuru mambo hayo. Yanafanywa na mishipa ya fahamu inayofanya kazi yenyewe, usiku na mchana.

Mishipa hiyo haigusani na moyo wala na mishipa ya damu. Katikati pana mwanya mdogo sana. Kwa hiyo ncha ya mshipa wa fahamu humwaga mjumbe. Mjumbe huyo anaitwa noradrenalini. Mwaka 1946 mtaalamu wa Sweden, Ulf von Euler, alionyesha kwamba huyu ndiye mjumbe wa mishipa hiyo. Mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Mjumbe akivuka mwanya hukuta vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na mjumbe ni kama ufunguo. Ufunguo ukiingia, moyo hupiga kwa nguvu zaidi, au mshipa wa damu hujibana. Damu ikipita kwenye mishipa iliyobana, presha hupanda.

Nani husema "basi"?

Mama anapopakua uji huangalia bakuli. Likijaa, huinua upawa. Mshipa wa fahamu nao hufanya hivyo. Katika miaka ya 1970 wataalamu waligundua kwamba ncha yenyewe inayomwaga mjumbe ina vipokezi pia. Vinaitwa alfa-mbili. Mjumbe akiwa mwingi katika mwanya, hushika vipokezi hivyo. Hapo ncha hupata habari: "Imetosha, punguza." Nayo hupunguza kumwaga.

Viko pia vipokezi vya kuongeza, viitwavyo beta-mbili. Adrenalini inayokuja na damu wakati wa hofu huweza kuvishika, na mjumbe akamwagwa zaidi. Tena mishipa jirani, ile ya kutuliza moyo, humwaga mjumbe wake aitwaye asetilkolini. Huyo naye huweza kuiambia ncha ipunguze. Kwa njia hiyo mwili hupima: usizidi, usipungue.

Kazi ya kidonge

Methildopa ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kitu kinachofanana na noradrenalini. Kitu hicho hushika vipokezi vya alfa-mbili, hasa ndani ya ubongo. Ubongo hupunguza amri zinazokwenda kwenye mishipa ya fahamu. Mjumbe humwagwa kidogo, mishipa ya damu hulegea, na presha hushuka.

Sasa utaona kwa nini kuacha dawa ni hatari. Kidonge hakikuondoa chanzo cha presha. Kilikuwa kinasema "punguza" kila siku. Kikiisha mwilini, sauti hiyo hunyamaza, na presha huweza kupanda tena. Nawe huenda usihisi lolote mpaka mambo yaharibike.

Ukianza dawa hii unaweza kusinzia, au kuona kizunguzungu ukisimama ghafla. Inuka polepole. Ukisumbuka, rudi zahanati. Usiache dawa mwenyewe, na usimgawie jirani.

Dalili za hatari

Mama mjamzito, hudhuria kliniki na upimwe presha kila mara. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi yahitaji uangalizi. Nenda zahanati mara moja ukiona:

1. Kichwa kinauma sana.
2. Macho yanaona ukungu.
3. Uso na mikono vimevimba.
4. Tumbo linauma sehemu ya juu, chini ya mbavu.

Akipatwa na degedege, hicho ni kifafa cha mimba. Si uchawi. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mwahisheni hospitali.

Baba, kazi ya kuvuna maharage inaweza kungoja siku moja. Mpeleke mama kliniki.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mjumbe wa mishipa ya fahamu anaitwaje?
2. Ncha ya mshipa hujuaje kwamba imetosha?
3. Kwa nini mtu asiache dawa ya presha akijiona mzima?
4. Kijijini kwenu, mama akizidiwa usiku, mtamfikishaje hospitali? Pangeni leo.