Uigaji si Uharamia: Sheria na Maadili ya Michezo ya Video

Utangulizi

Maneno mawili, uigaji na uharamia, huchanganywa mara nyingi panapozungumziwa michezo ya video. Kiigaji ni programu inayoiwezesha kompyuta kutenda kazi kama mtambo mwingine, hivyo mchezo uliobuniwa kwa mtambo wa kale ukachezwa kwenye kompyuta ya leo. Uharamia nao ni kunakili na kusambaza kazi bila idhini ya mwenye hakimiliki. Makala hii inabainisha mpaka ulioko baina ya mawili hayo.

Msimamo wa Sheria

Kesi ya msingi ni ile ya Sony dhidi ya Connectix, iliyoamuliwa na mahakama ya rufani nchini Marekani mwaka 2000. Connectix iliunda programu iliyowezesha kompyuta za Macintosh kuchezesha michezo ya PlayStation. Katika kuiunda, wahandisi walinakili programu ya ndani ya mtambo wa Sony ili kuchunguza utendakazi wake, ila bidhaa ya mwisho haikuwa na nakala hiyo. Mahakama ilishikilia kwamba unakili huo ulikuwa matumizi halali.

Hata hivyo, ruhusa hiyo haiufikii mchezo wenyewe, ambao una hakimiliki yake. Aidha, sheria ya Marekani ya 1998 inakataza kuvunja kufuli za kidijitali. Kwa msingi huo, Nintendo iliwashtaki watengenezaji wa kiigaji cha Yuzu mnamo Februari 2024. Mwezi uliofuata walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kuacha kukisambaza. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu aliye na programu kihalali kuweka nakala ya akiba. Haimpi haki ya kuigawa.

Mizani ya Maadili

Sheria haimalizi suala. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulibaini kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena. Mwanafunzi wa fasihi anafahamu uzito wa jambo hili: tenzi nyingi za kale zimehifadhika kwa kuwa wanakili walizinakili kwa mkono, kizazi hadi kizazi. Kazi isiyonakiliwa hufa na chombo chake.

Lakini mfano huo usigeuzwe kisingizio. Katika kesi ya Yuzu, Nintendo ilidai kwamba mchezo wake mmoja wa 2023 ulipakuliwa kiharamia zaidi ya mara milioni moja kabla haujaanza kuuzwa. Anayefanya hivyo hahifadhi chochote. Anamnyima mtunzi ujira wa jasho lake.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kiigaji ni chombo tu, na hukumu humwangukia mtumiaji. Anayenakili ili kazi isipotee na anayenakili ili asilipe hawalingani kimaadili, ijapokuwa sheria yaweza kuwatia hatiani wote wawili. Pengo hilo ndilo linalowapasa watunga sheria kuliziba, hasa kwa manufaa ya maktaba na watafiti.