Uzee wa Kinu cha Nyuklia Hupimwaje?

Mashine yoyote ikichakaa, sehemu zake mbovu hubadilishwa. Katika kinu cha nyuklia pampu, vali na hata mitungi mikubwa ya kutengenezea mvuke huweza kubadilishwa. Lakini tangi nene la chuma lenye fueli ya urani kwa kawaida halibadilishwi. Kwa hiyo, kupima uzee wa kinu ni kupima hasa uzee wa tangi hilo.

Tangi huzeekaje? Atomi za urani zinapopasuka hutoa chembe ziitwazo nyutroni. Baadhi ya chembe hizo huugonga ukuta wa tangi na kuziondoa atomi za chuma mahali pake. Miaka ikipita, chuma hupoteza unyumbufu wake, mfano wa ndoo ya plastiki iliyoachwa juani: kwa macho ni ile ile, lakini ikianguka hupasuka. Maungio yaliyochomelewa, hasa yenye shaba nyingi, huathirika zaidi.

Chuma hicho kikiwa na moto hunyumbuka bado. Hatari huja wakati wa dharura, maji baridi yanapomiminwa ndani ya tangi hali shinikizo lingali kubwa. Ukuta wa ndani hunywea ghafla, na ufa mdogo ukiwapo unaweza kuenea.

Ili kuitambua hatari hiyo mapema, vipande vya chuma cha aina ile ile huwekwa ndani ya tangi tangu mwanzo, karibu na fueli kuliko ukuta wenyewe, ili vizeeke upesi zaidi. Baada ya muda hutolewa na kupigwa kwa nyundo inayobembea, katika viwango mbalimbali vya joto. Hivyo hujulikana ni katika joto gani chuma huacha kunyumbuka na kuanza kuvunjika kama kioo. Kadiri chuma kinavyozeeka, ndivyo joto hilo linavyopanda.

Tutazame vinu viwili. Kinu cha Yankee Rowe, Marekani, kiliwashwa mwaka 1960. Upimaji wa vipande uliachwa mapema, na kiasi cha shaba katika maungio hakikujulikana kwa hakika. Kilizimwa Oktoba 1991, na mwaka 1992 wenyewe wakaamua kukifunga kabisa. Tangi halikupasuka, ila usalama wake ulikuwa mgumu kuthibitishwa.

Kinu cha kwanza cha Loviisa, Finland, kilianza kazi mwaka 1977. Vipande vilionyesha mapema kwamba chuma kinazeeka kuliko ilivyotazamiwa. Wahandisi wakapunguza nyutroni zinazofika ukutani, na mwaka 1996 wakalipasha moto ungio lililodhoofika hadi karibu nyuzi 475 za sentigredi, ili lirudishiwe unyumbufu. Mwaka 2023 kinu hicho kilipewa kibali cha kuendelea hadi 2050.

Basi, wingi wa miaka peke yake hautoshi kukihukumu kinu. Panapokosekana vipimo, hata tangi zima haliwezi kuaminiwa. Na ushahidi usiokusanywa ujanani ni shida kuupata uzeeni.