Ujirani wa Mjini

Wasomaji wetu wakaao Kyela, Ipinda, Matema na pande zote za kaskazini ya Ziwa Nyasa, wengi wao wanaye mtoto au ndugu aliyekwenda kukaa Mbeya au Dar es Salaam. Habari za kazi yake na mshahara wake huzisikia, lakini habari za mahali alalapo, na za watu alalao nao nyumba moja, ni haba. Basi leo twapenda kueleza jinsi mtu akaavyo katika mtaa wa mji mkubwa, hasa Dar es Salaam. Maana jambo hili huwashinda vijana wengi kuliko kazi yenyewe.

Kwanza yafaa kukumbuka jinsi ujirani ulivyokuwa zamani katika nchi ya Wanyakyusa. Watoto wa kiume walipopata umri wa miaka kama kumi walitoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, watu wa rika moja, kando ya kijiji cha wazee. Walikula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini usiku walilala kwao. Walipooa, vibanda vile vikawa nyumba, na lile kundi la wavulana likawa kijiji kamili. Mara moja katika kila kizazi, katika sherehe iitwayo ubusoka, wazee waliwakabidhi vijana nchi na utawala wake. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao huku kati ya miaka 1934 na 1938, waliyaandika mambo haya kwa urefu, kwa kuwa si mahali pengi duniani ambapo watu walijenga vijiji kwa kufuata rika badala ya ukoo.

Katika vijiji vile neno kubwa lilikuwa ukwangala, yaani kuketi pamoja na wenzako, kula nao, kunywa nao, na kuzungumza kwa adabu. Mtu aliyekula peke yake, au aliyewadharau wenzake, aliogopa manung'uniko yao. Kwa kuwa ilisadikiwa kwamba pumzi ya majirani waliokasirika huja kama baridi, ikamtia mtu homa. Vijiji vya namna hiyo havijengwi tena, na hofu ile wengi wameiacha. Lakini kijana wa Kyela bado amelelewa na watu ambao babu zao waliishi hivyo, naye afikapo mjini hudhani kwamba jirani ni mtu anayemjua, au ambaye atamjua kabla ya mwezi kwisha. Sivyo.

Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 69,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa wote ulikuwa na watu 5,383,728. Watu hao hawakuja kwa rika wala kwa ukoo. Kila mmoja alikuja kwa njia yake, akapata chumba pale palipopatikana.

Mtaa mashuhuri kuliko yote ni Kariakoo. Wajerumani waliupima kabla tu ya vita ya 1914, wakikusudia uwe mahali pa Waafrika kukaa. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, walipafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, nao wapagazi hao waliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Baadaye zikafuata Ilala, na katika miaka ya 1950 Magomeni na Temeke. Mitaa mingine, kama Manzese, ilijengwa na watu wenyewe pasipo kupimwa, na hata leo sehemu kubwa ya wakazi wa mji hukaa katika mitaa ya namna hiyo.

Nyumba ya mitaa hiyo yafaa ielezwe vizuri, maana ndiyo inayofanya ujirani uwe kama ulivyo. Mbele pana baraza ya kuketi. Ukiingia mlangoni wakuta ukumbi mwembamba upitao katikati mpaka nyuma, na vyumba vitatu kila upande, jumla sita. Nyuma ni uani, nako kuna jiko, bafu, choo, na pengine vyumba vingine vidogo. Mara nyingi mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki huwapangisha watu. Hivyo katika nyumba moja huweza kukaa Mzaramo, Mchaga, Muha na Mnyakyusa, pamoja na wake zao na watoto wao, nao wote wana choo kimoja.

Mzee wa kijijini aweza kucheka kusikia kwamba watu wazima hugombana kwa ajili ya zamu ya kufagia. Lakini na afikiri. Katika kijiji nyumba yako ni yako, mgomba wako ni wako, na ukikasirika waweza kwenda shambani mpaka jioni. Uani hapana pa kwenda. Maji ya ndoo yako yamepungua, nani aliyachota? Umeme hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa mita iitwayo Luku, na mara nyingi vyumba vyote hutumia mita moja. Mwenye friji na mwenye taa moja watachangaje? Mmoja hufanya kazi ya ulinzi usiku, naye hulala mchana. Mwenziwe hupiga redio mchana huo huo. Mambo haya ni madogo, lakini hurudi kila siku, na hapana rika la kuyaamua. Twaona kwamba wanawake ndio wanaoubeba mzigo huu kuliko waume zao, maana wengi wao hushinda uani na majirani mchana kutwa, hali mume hurudi jioni tu, akaulizwa ahukumu ugomvi ambao hakuuona.

Kupata chumba nako kuna taabu yake. Mgeni humwendea dalali, na dalali hutaka malipo yake, ambayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kisha mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, mbele. Hili kwa maoni yetu ni zito mno kwa mtu aliye na mshahara wa mwezi kwa mwezi, na ndiyo sababu vijana wengi huanza kwa kulala sebuleni kwa ndugu, wakae huko muda mrefu kuliko ndugu alivyotazamia. Mzazi ampelekaye mwanawe mjini na afikirie kodi hiyo kabla ya kufikiria nauli.

Wako pia wanaopata fedha wakataka kununua kiwanja. Hapa mtu wa Kyela ana elimu ambayo wengi wa mjini hawana. Yeye ameyaona maji ya Mbaka, Kiwira na Songwe yakitoka kingoni na kuingia mashamba ya mpunga. Anajua kwamba bonde likiwa kavu halijaacha kuwa bonde. Basi na aitumie elimu hiyo. Kando ya mto Msimbazi watu walijenga mabondeni, na mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, nyumba zikajaa maji, watu wakafa. Serikali ikawapa baadhi ya waliosalimika viwanja Mabwepande, mbali na mji. Muuzaji hukuonyesha kiwanja wakati wa kiangazi. Waulize majirani, wala si muuzaji, maji hufika wapi mwezi wa Aprili.

Pamoja na hayo, mtaa una utawala wake. Kama kijiji kilivyo na mwenyekiti, mtaa nao una mwenyekiti, naye huchaguliwa kila miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanywa mwezi wa Novemba 2024. Zaidi ya hapo yuko mjumbe wa nyumba kumi, cheo kilichoanzishwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960. Ingawa siku hizi cheo hicho ni cha chama tu, wazee wa mitaa wangali wakipeleka kwake ugomvi wa uani. Kijana akihamia, yampasa kwenda kujitambulisha ofisi ya mtaa katika siku za kwanza. Wengi hawaendi. Kisha siku anapotaka kitambulisho cha taifa, au ndugu yake amekamatwa na anatakiwa mdhamini, huambiwa alete barua ya mtaa. Naye mwenyekiti humwuliza jirani zake ni nani, na hao jirani husema hawamjui.

Lakini mahali ujirani wa mjini unapojulikana hasa ni msibani. Mtu akifa, turubai hutandazwa mbele ya nyumba, pengine njia ikafungwa; viti hukodiwa, wanawake hupika uani, na mmoja huketi mezani na daftari la rambirambi, akiandika jina na kiasi. Daftari hilo halitupwi. Msiba ukitokea kwa mwingine, watu hulifungua na kutazama nani alikuja na nani hakuja. Mtu aliyefunga mlango wake miaka mitano, asimwendee mgonjwa wala maiti, atauona mwenyewe uchache wa viti vilivyokaliwa.

Na kwa watu wa Kyela kazi haiishi hapo, maana wengi hutaka maiti irudishwe nyumbani, safari ya zaidi ya kilometa 900. Watu wa nyumbani walioko mjini huchanga, lakini mara nyingi mchango wao hautoshi, na kinachopungua hutolewa na mtaa. Wazee wetu wamekwisha kuyaona mabasi hayo yakifika asubuhi yakiwa na vumbi. Pamoja na ndugu hushuka watu wasiojua hata neno moja la Kinyakyusa, wakauliza choo kiko wapi, wakanawa uso, wakashika majembe.