Mikanda imo kabatini, deki iko wapi?

KATIKA kabati za nyumba nyingi za Waislamu wa mijini, na katika stoo za misikiti na madrasa, zimo kanda za sauti, mikanda ya video na diski ambazo hazijachezwa kwa miaka mingi. Ndani yake mna darsa za masheikh waliokwishatangulia mbele ya haki, mihadhara ya viwanjani, maulidi, harusi, na sauti za wazee wetu wakisoma dua. Wengi tunaamini kwamba maadamu diski ipo, basi na kilichomo kipo. Katika makala haya nakusudia kuonesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba muda tuliobakiwa nao wa kuvihamisha vitu hivi ni mfupi.

Tuanze na mashine, maana watu huutunza mkanda wakaisahau mashine ya kuusoma. Mkanda wa VHS uliletwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kuleta Betamax. Mifumo hiyo miwili haikuingiliana. Mkanda wa huu haukukubali kuingia katika deki ya ule. VHS ikashinda, na aliyekuwa na rafu ya mikanda ya Betamax akabaki na plastiki. Sony iliacha kutengeneza deki za Betamax mwaka 2002. Lakini mshindi naye hakudumu. Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, inayojulikana kuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliifunga kazi hiyo. Katika zama zake nzuri iliuza deki milioni 15 kwa mwaka; mwaka 2015 iliuza 750,000 tu, na vipuri vilikuwa vimekuwa adimu. Kwa hiyo deki yoyote ya VHS utakayoikuta leo Kariakoo au kwa jirani ni kuukuu, na ikifa hakuna inayozaliwa badala yake.

Kwa sisi wa Dar es Salaam kulikuwa na jambo jingine. Deki zetu zilikuwa na kipokezi chake ndani, kwa hiyo mtu aliweza kuitega irekodi kipindi cha Ramadhani naye akaenda zake kuswali tarawehe. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa jijini, kipokezi kile kikawa hakina kazi. Deki iliweza kurekodi tu kile kilichopita kwenye king'amuzi. Nadhani hapo ndipo nyumba nyingi zilipoitoa deki sebuleni, na ikitoka sebuleni haichukui muda kufika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Tuje kwenye diski. VCD iliwekewa kanuni zake mwaka 1993. Ilikuwa CD ya kawaida iliyobanwa picha ndani, na ilichukua kiasi cha dakika 74. Muhadhara wa saa 3 uliojaa kwenye mkanda mmoja wa VHS ulihitaji VCD 3, na aghalabu inayopotea ni ile ya katikati. DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996. Yenyewe hubeba gigabaiti 4.7 katika tabaka moja, yaani kama saa 2 za picha nzuri, na wauzaji wetu wakagundua kwamba ukiishusha picha unaweza kupanga filamu chungu nzima katika diski moja. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda 6 za mauzo. Sehemu kubwa ya Afrika, ikiwemo nchi yetu, iliwekwa kanda ya 5, ilhali Saudia, Misri na Uingereza ziko kanda ya 2. Ndiyo maana baadhi ya diski walizoleta mahujaji na jamaa wa ng'ambo zilikataa katika deki za hapa, mpaka fundi alipoifungua deki kwa namba za siri za rimoti.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Filamu uliyonunua dukani imepigwa chapa kiwandani. Vishimo vinavyosomwa na leza vimo ndani ya plastiki yenyewe. Diski uliyorekodi nyumbani haina vishimo hivyo. Ina tabaka la rangi maalumu, na leza huichoma rangi hiyo ili kuweka alama. Rangi hufifia kwa jua, joto na unyevu, na katika miji ya pwani hivyo vyote tunavyo kwa wingi. Matokeo yake ni kwamba filamu ya mapigano iliyopigwa chapa kiwandani inaweza kuishi kuliko nikaha ya dada yako. Na katika CD upande ulio dhaifu zaidi ni ule wa juu wenye maandishi, kwa sababu data imefunikwa na lakka nyembamba tu. Watu huuogopa mkwaruzo wa upande unaong'aa huku wakiandika jina la sheikh kwa kalamu ya ncha kali upande wa pili.

Vilevile zilikuwepo deki za kurekodi DVD, ambazo ziliuzwa kama mrithi wa VHS. Ukimaliza kurekodi ilikupasa kuifunga diski kwa amri maalumu iliyomo katika menyu. Wengi hawakufanya hivyo. Diski ya namna hiyo ikiingizwa katika mashine nyingine huonekana tupu au huambiwa ni mbovu, ikaishia jalalani. Usiitupe. Tafuta kwanza deki iliyoirekodi, au ya aina ile ile, uifunge. Kompyuta pia mara nyingine huweza kuisoma kwa programu za kuokoa data.

Sasa kwa nini jambo hili lituhusu sisi, ilhali kila kitu kinasemwa kipo kwenye intaneti? Tazama mifano miwili. Mwaka 1961 kisomo kamili cha Qur'an cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kilitolewa Misri katika santuri. Leo ni nani mwenye gramafoni? Lakini kisomo kile kilihamishiwa kwenye kanda, kisha CD, kisha simu, na mtoto wa madrasa anajifunza kwacho. Mjadala wa Sheikh Ahmed Deedat na Jimmy Swaggart uliofanyika Marekani mwaka 1986 ulitufikia kwa mikanda ya VHS iliyonakiliwa mpaka picha ikawa mvua tupu, nao upo hadi sasa. Vitu hivyo vimebaki kwa sababu nakala zilikuwa nyingi na watu hawakuacha kuzihamisha. Darsa ya maalim wa mtaa wenu aliyefasiri juzuu nzima baada ya alasiri haina nakala elfu. Ina moja, imo kwenye boksi la viatu, na haitapatikana mahali pengine popote.

Wala tusidhani kwamba diski mpya zitatuokoa. HD DVD ilishindwa na Blu-ray Februari 2008, Toshiba ilipojitoa. Na Februari 2025 Sony yenyewe ilisimamisha kutengeneza Blu-ray za kurekodia, pamoja na vile vikanda vidogo vya MiniDV vilivyotumika katika kamera za harusi.

Kuhusu harusi kuna angalizo. Mikanda mingi ya miaka ile ilipigwa upande wa wanawake, wakiwa wamejipamba na hawana stara ya kutazamwa na ajinabi, na walikubali kwa kuwa mkanda ungekaa kabatini. Ukishahamishiwa kwenye simu, siku ya pili umo katika kundi la WhatsApp la ukoo, na siku ya tatu hujui uko wapi. Ile ni amana. Kazi hiyo ifanywe nyumbani na mwanamke anayejua kompyuta, siyo kwenye kibanda ambako fundi hubaki na nakala. Wenyewe waulizwe kabla ya kugawa. Wapo watakaosema futa, na wana haki hiyo.

Ama namna ya kuhamisha, si ngumu. Kwa VCD fungua folda iitwayo MPEGAV, na kwa DVD ni VIDEO_TS. Nakili folda nzima kwenye kompyuta, siyo ile alama ya njia ya mkato ambayo watu huikokota wakadhani wamemaliza. Kwa VHS unahitaji deki nzima na kifaa kidogo chenye matundu matatu: manjano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kanda za sauti huhitaji waya mmoja tu. Mkanda wenye ukungu mweupe usiuingize kwenye deki, utachafua vichwa na kuambukiza mingine. Mpe fundi ausafishe kwanza. Na kabla ya yote vunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa mkanda, ili asitokee kijana akarekodi juu yake.

Nakala ziwe mbili katika nyumba mbili, kwa sababu flashi nazo hufa ghafla. Asitegemee mtu nakala aliyoipokea kwa WhatsApp, maana programu hiyo huibana video ikapoteza ubora. Msikiti wenye vijana watano na deki moja unaweza kupanga zamu. Mkanda wa saa 3 utachukua saa 3 zile zile, hauharakishwi, kwa hiyo mikanda 40 ni kazi ya miezi kadhaa ya Jumamosi na Jumapili. Waanze na ile isiyoandikwa jina, wakati bado yupo mzee wa kuisikiliza akasema sauti ile ni ya nani.